Ugiriki haikupaswa kutoka kwenye yuro, lakini haikupaswa kulipa bei ile

Jumapili ya tarehe 12 Julai 2015, viongozi wa nchi zinazotumia yuro waliingia ukumbini Brussels na hawakutoka mpaka asubuhi ya siku ya pili, baada ya saa 17 za kubishana kuhusu nchi moja. Mkononi mwao kulikuwa na karatasi iliyotoka katika wizara ya Wolfgang Schäuble, waziri wa fedha wa Ujerumani. Ilipendekeza jambo ambalo serikali kubwa ya Ulaya haikuwahi kuliweka mezani tangu sarafu hiyo ianze kutumika: Ugiriki ikae nje ya yuro kwa miaka 5 angalau, ipunguziwe deni ikiwa huko nje, kisha mengine yaonekane baadaye. Kulipokucha, Waziri Mkuu Alexis Tsipras alitoka na makubaliano ya mkopo wa tatu. Masharti yake yalikuwa makali kuliko yale ambayo Wagiriki, kwa asilimia 61, walikuwa wameyakataa katika kura ya maoni wiki moja tu kabla.

Wengi walimwita msaliti. Hoja yao haijafa, na kila nchi inapolemewa na madeni ndani ya sarafu isiyoichapa yenyewe, inarudi vilevile: kwa nini isitoke, irudishe sarafu yake, ishushe thamani, ianze upya? Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu waliokuwa wakiitoa hawakuwa wajinga wala wachochezi. Hata hivyo naamini Tsipras alifanya sawa kubaki. Nisichokubali ni hitimisho ambalo watu wa Brussels na Berlin hulipachika hapo, kwamba basi yote waliyotendewa Wagiriki kuanzia 2010 yalikuwa ya lazima. Hayakuwa ya lazima.

Tuanze na nguvu ya hoja ya kutoka, maana inayo nguvu. Nchi yenye sarafu yake ikiishi kwa kukopa na bidhaa zake zikawa ghali, sarafu hushuka. Vitu vya nje vinapanda bei, watu wanaviacha, wageni wanaona hoteli zimekuwa rahisi, viwanda vinapata wateja wapya. Maumivu yapo, lakini yanapita kwa kila mtu kupitia bei, na yanapita haraka. Iceland ilipoangukiwa na benki zake tatu kubwa mwaka 2008, krona iliporomoka vibaya, watu wakaumia, lakini ndani ya miaka michache ajira zilikuwa zimerudi.

Ugiriki haikuwa na njia hiyo. Drakma, sarafu yake ya zamani, ilizikwa mwaka 2001 kwa kiwango cha drakma 340.75 kwa yuro moja, na tangu hapo bei ya kazi ya Mgiriki iliweza kushushwa kwa amri tu. Februari 2012 kima cha chini cha mshahara kilikatwa kutoka yuro 751 hadi 586 kwa mwezi. Kwa kijana wa chini ya miaka 25 kilishushwa hadi 511. Pensheni zilikatwa mara baada ya mara. Aprili mwaka huohuo, mfamasia mstaafu wa miaka 77 alijiua kwa risasi katika uwanja wa Syntagma, mbele ya bunge, akiacha barua inayoeleza kwamba hakutaka kufikia hatua ya kutafuta chakula jalalani.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mshahara unakatwa lakini deni halikatwi. Aliyekopa kununua nyumba akiwa na mshahara wa yuro 1,500 anadaiwa kiasi kilekile akiwa na 1,000. Serikali nayo ni hivyohivyo: kodi inapungua kwa sababu uchumi umesinyaa, na deni linabaki pale pale, kwa hiyo uzito wake unaongezeka hata kama hukukopa senti mpya. Mwaka 2009 deni la Ugiriki lilikuwa takriban asilimia 127 ya pato la taifa. Mwaka 2014, baada ya kukata kila kilichoweza kukatwa, na hata baada ya wadai binafsi kusamehe zaidi ya yuro bilioni 100, lilikuwa karibu asilimia 180. Pato la taifa lilikuwa limepungua kwa takriban robo. Ukosefu wa ajira mwaka 2013 ulifika asilimia 27, na miongoni mwa vijana ulizidi nusu. Nchi chache sana zimepitia hayo bila vita.

Kwa hiyo Costas Lapavitsas, mchumi Mgiriki wa chuo cha SOAS mjini London, aliposema kwamba dawa hii inaua mgonjwa na afadhali drakma, alikuwa na ushahidi mbele yake. Alisema hivyo akiwa mtu wa mrengo wa kushoto. Upande wa pili kabisa, Hans-Werner Sinn, mchumi Mjerumani asiye na undugu wowote na siasa za kushoto, alifika hukohuko. Watu wa aina hizo wakikubaliana, yafaa kusikiliza.

Lakini ukishusha thamani ya sarafu, unauza nini?

Hapa ndipo Ugiriki inapotofautiana na mifano inayotajwa. Mwaka 2009 mauzo yake ya nje, bidhaa na huduma pamoja, yalikuwa takriban sehemu moja kwa tano ya pato la taifa. Ireland, iliyoingia kwenye shida ileile ndani ya yuro ileile, ilikuwa inauza nje kiasi kinachokaribia pato lake lote la taifa, na ndiyo maana ilijikwamua mapema. Kilicho kikubwa Ugiriki ni meli, na nauli za meli hulipwa kwa dola, hivyo drakma isingewapa wenye meli mteja mmoja wa ziada. Bidhaa inayoongoza katika mauzo ya nje ni mafuta ya petroli yaliyosafishwa, ambayo malighafi yake huagizwa. Unabaki na utalii, mafuta ya zeituni, matunda na dawa kadhaa. Utalii ungenufaika, sina shaka. Lakini hoteli ya kisiwani nayo inachoma dizeli ya nje na kumlisha mgeni nyama ya nje.

Zaidi ya hapo, kufikia 2015 mishahara ilikuwa tayari imeshuka kwa kiasi ambacho mtetezi wa drakma angekitaka. Maumivu ambayo kutoka kungeyaleta yalikuwa yamekwishalipwa kwa njia nyingine, tena iliyo mbaya zaidi. Kutoka wakati huo kungekuwa kuyalipa mara ya pili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua kesi yote. Nchi inayotaka kutoka kwenye sarafu ya pamoja kwa sababu ya deni inahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, bajeti yake, ukiondoa riba, isiwe na pengo. Yaani ikiacha kuwalipa wadai, kodi inayokusanywa itoshe mishahara, hospitali na pensheni. La pili, deni lake liwe chini ya sheria zake, ili bunge lake liweze kuamua kwamba lililokopwa kwa yuro litalipwa kwa sarafu mpya. Likikosekana la kwanza, serikali inaamka siku ya pili bila mkopeshaji na bila hela ya mishahara, na inachapa noti mpaka bei zinaruka. Likikosekana la pili, sarafu mpya inashuka lakini deni linabaki kwenye sarafu ya zamani, na linakuwa zito zaidi kuliko siku ya kutoka.

Ugiriki haikuwahi kuwa na yote mawili pamoja.

Mwaka 2010 ilikuwa na la pili. Takriban sehemu tisa kwa kumi ya hatifungani zake, yaani hati za deni ambazo serikali huwauzia wakopeshaji, zilikuwa chini ya sheria ya Kigiriki, zikishikiliwa na benki, mifuko ya pensheni na wawekezaji. Sheria moja ya bunge ingetosha kuzigeuza. Lakini nakisi ya bajeti ya 2009, iliyotangazwa mwanzoni kuwa ndogo na kisha ikarekebishwa mara kadhaa mpaka asilimia 15.4 ya pato la taifa, ilikuwa na riba ya takriban asilimia 5 tu ndani yake. Asilimia kama 10 iliyobaki ilikuwa ni matumizi ya kawaida ambayo kodi haikuyafikia. Hata kama Ugiriki isingemlipa mdai yeyote hata senti, bado ingekosa hela ya kuendesha nchi. Kutoka wakati ule kungemaanisha kubana matumizi kwa ghafla kuliko kule walikofanyiwa na wakopeshaji, au kuchapa drakma za kujaza pengo lote hilo.

Mwaka 2014 ilikuwa na la kwanza. Kwa gharama niliyokwisha kuieleza, bajeti bila riba ilikuwa imesawazika, hata ikabaki na ziada kidogo. Lakini lile la pili lilikuwa limeshapotea. Machi 2012, katika makubaliano ya kupunguza deni la wadai binafsi, wenye hatifungani walikatwa asilimia 53.5 ya thamani iliyoandikwa na wakapewa hatifungani mpya zilizo chini ya sheria ya Uingereza. Hizo bunge la Athens haliwezi kuzigusa. Sehemu kubwa ya deni lililosalia ilikuwa imehamia kwa serikali za Ulaya, mfuko wao wa uokozi na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Drakma mpya ikipoteza asilimia 40 ya thamani yake, jambo ambalo wengi waliliona la kawaida kabisa, deni la asilimia 180 lingepanda hadi kama 300 kwa hesabu ya mkato. Njia pekee ingekuwa kukataa kulipa, na mdai wa kukataliwa hangekuwa benki ya mbali tena. Angekuwa Ujerumani, Ufaransa, Italia, Slovakia, walewale wanaopiga kura juu ya ruzuku za kilimo na fedha za maendeleo ambazo Ugiriki hupokea kila mwaka kutoka Umoja wa Ulaya.

Kuna wanaosema mkataba wa Ulaya hauna kifungu cha kutoka kwenye yuro bila kutoka kwenye Umoja wenyewe. Ni kweli, lakini sioni kwamba hilo lingemzuia mtu. Kilichozuia ni benki.

Katika nchi yenye sarafu yake, watu wakiogopa wanakimbilia dola na sarafu inashuka. Ndani ya sarafu ya pamoja hawana haja hata ya kubadilisha: wanahamisha yuro zao kutoka Athens kwenda Frankfurt au Luxembourg, na yuro ni ileile. Ndiyo maana uvumi wa kutoka, hata kabla hakuna aliyeamua kutoka, unaondoa akiba za watu benki. Amana katika benki za Ugiriki zilikuwa karibu yuro bilioni 240 mwishoni mwa 2009; katikati ya 2015 ilikuwa imebaki nusu hivi. Pengo lilizibwa kwa mikopo ya dharura iliyoruhusiwa na Benki Kuu ya Ulaya. Tsipras alipotangaza kura ya maoni usiku wa kuamkia tarehe 27 Juni, benki hiyo iligoma kuongeza kiwango. Jumatatu ya tarehe 29 benki hazikufunguliwa, na mashine zikatoa yuro 60 kwa siku kwa kadi moja. Wazee wasio na kadi walipanga foleni tangu alfajiri nje ya matawi machache yaliyofunguliwa kwa ajili yao, wapewe yuro 120 za wiki. Tarehe 30 Ugiriki ilishindwa kuilipa IMF takriban yuro bilioni 1.5, nchi ya kwanza iliyoendelea kufanya hivyo.

Hayo yalitokea kwa hofu tu. Kutoka kwenyewe kungetaka noti mpya zichapwe, mashine zibadilishwe, mikataba yote isomwe upya, na kila mtu aambiwe akiba yake itageuzwa kwa kiwango gani. Mfano wa kuachana salama unaotajwa ni Czechoslovakia, Februari 1993: walikubaliana kwa siri, wakabandika stempu kwenye noti za zamani, na ndani ya siku chache kila upande ulikuwa na pesa yake. Lakini pale pande zote mbili zilitaka kuachana, na mtu wa Bratislava hakuweza kuhamisha akiba yake Prague kwa kubofya simu.

Argentina nayo hutajwa sana, na nusu tu ya habari yake ndiyo husimuliwa. Mwaka 1991 iliifunga peso kwa dola, moja kwa moja. Desemba 2001 watu walizuiwa kuchukua akiba zao benki, maandamano yakaua watu kadhaa, Rais Fernando de la Rúa akajiuzulu na kuondoka ikulu kwa helikopta, na nchi ikatangaza kutolipa madeni yake. Januari 2002 peso iliachiwa. Kufikia katikati ya mwaka dola moja ilikuwa inakaribia peso 4. Uchumi ulishuka kwa takriban asilimia 11 mwaka ule. Kisha, kuanzia 2003, ulikua kwa kasi ya asilimia 8 hadi 9 kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo nusu inayopendwa.

Nusu nyingine ni kwamba Argentina ilikuwa na peso mifukoni mwa watu tayari, na wakati huo soya yake ilikuwa inanunuliwa na China kwa bei inayopanda kila mwaka. Waliokuwa na akaunti za dola walirudishiwa peso 1.4 kwa kila dola wakati sokoni dola ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Watu wa kipato cha kati walipoteza akiba ya maisha. Kesi na wadai waliokataa makubaliano ziliendelea katika mahakama ya New York mpaka 2016. Nasema haya kwa sababu naona watu wakiitaja Argentina kana kwamba ilivuka daraja ikafika ng'ambo. Ilivuka, lakini na deni lake, na mfumuko wa bei haujaiacha mpaka leo.

Afrika ina mfano unaosemwa kidogo. Mali ya Modibo Keïta ilijitoa kwenye faranga ya CFA, sarafu ya pamoja ya nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa, mwaka 1962, ikachapa faranga yake. Nia ilikuwa ya heshima, kujitawala kwa kweli miaka miwili baada ya uhuru. Mwaka 1967 faranga ile ilishushwa thamani kwa nusu, na mwaka 1984 Mali ilirudi kwenye CFA. Sitetei CFA hapa. Ina dhambi zake, na kushushwa kwake kwa nusu Januari 1994, usiku mmoja mjini Dakar, kuliwaumiza mamilioni. Nasema tu kwamba uhuru wa kuchapa noti haukuipa Mali kitu cha kuuza ambacho haikuwa nacho.

Wagiriki wenyewe walielewa. Tafiti za maoni ya wananchi katika miaka yote ile ya mateso zilionyesha wengi wao wanataka kubaki na yuro, hata walipochukia masharti. Lapavitsas na wenzake waliojitenga na Syriza, chama cha Tsipras, waliunda chama chao, wakaingia uchaguzi wa Septemba 2015 wakiwaambia watu wazi kwamba kutoka ni jambo linalowezekana. Hawakufikisha asilimia 3 ya kura inayotakiwa kuingia bungeni. Siamini kwamba watu waliopiga kura ya hapana Julai walipigiwa propaganda wakabadilika Septemba. Walikuwa wanasema jambo moja mara zote mbili: tunabaki, lakini msitunyonge.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu walinyongwa.

Tarehe 23 Aprili 2010, George Papandreou, waziri mkuu wa Ugiriki wakati huo, alisimama katika kisiwa cha Kastellorizo akaomba msaada. Wakati huo kila mtaalamu aliyeangalia namba aliweza kuona kwamba Ugiriki haiwezi kulipa deni lote. Kanuni ya IMF yenyewe ilikataza kuikopesha kiasi kikubwa nchi ambayo deni lake halilipiki kwa uhakika wa kutosha. IMF ilifanya nini? Mei 2010 ilibadilisha kanuni, ikaongeza msamaha kwa hali inayotishia mfumo mzima wa fedha, ikakopesha. Pamoja na nchi za yuro, mkopo wa kwanza ulikuwa wa yuro bilioni 110. Jean-Claude Trichet, aliyekuwa akiongoza Benki Kuu ya Ulaya, hakutaka kusikia habari ya kukata deni. Benki za Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimeshika hatifungani nyingi za Ugiriki, na serikali zao zilikuwa zimetoka kuziokoa mwaka 2008 kwa fedha za walipa kodi. Kuziokoa tena waziwazi kusingekubalika bungeni. Basi ziliokolewa kwa jina la Ugiriki. Mkopo uliingia Athens na kutoka siku hizohizo kulipa hatifungani zilizoiva. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha ESMT cha Berlin walipitia mikopo miwili ya kwanza na kukuta kwamba chini ya asilimia 5 ndiyo iliyoingia kwenye bajeti ya serikali ya Ugiriki. Iliyobaki ililipa madeni ya zamani na riba, na kujaza mitaji ya benki.

Mdai binafsi alipokuja kukatwa mwaka 2012, wengi wa wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kulipwa na kuondoka. Waliokatwa sana ni waliobaki, wakiwemo mifuko ya pensheni ya Ugiriki yenyewe. Deni lililokuwa la mabenki likawa la walipa kodi wa Ulaya, na tangu hapo kila pendekezo la kulipunguza likawa ni suala la mzee wa Stuttgart au Bratislava kunyang'anywa hela yake ili apewe mvivu wa Athens. Ulaya iliwagombanisha wananchi wake wenyewe kwa ajili ya kuficha hasara ya benki. Hilo silisamehe.

IMF ilikiri sehemu ya haya. Tathmini yake ya 2013 ilisema ilikosea kutarajia uchumi ungestahimili, na kwamba kuchelewa kukata deni kulikuwa kasoro. Mapema mwaka huo, mchumi wake mkuu Olivier Blanchard, pamoja na Daniel Leigh, walikuwa wameonyesha kwamba utabiri wa athari za kubana matumizi barani Ulaya ulikuwa wa chini mno.

Na angalia kilichofuata. Kilichokatazwa 2010 kilikubaliwa kidogokidogo baadaye: deni binafsi likakatwa 2012, riba za mikopo ya Ulaya zikashushwa, muda wa kulipa ukasogezwa, na mwaka 2018, mpango wa tatu ulipomalizika Agosti, muda ukasogezwa tena miaka 10 mbele mpaka sehemu ya mikopo hiyo itamalizika kulipwa 2070. Kukopesha kwa miaka sitini kwa riba ndogo ni kusamehe deni kwa jina jingine. Kungefanyika mwanzoni, pamoja na kukata hatifungani zikiwa bado mikononi mwa benki na chini ya sheria ya Kigiriki, Ugiriki ingefunga mkanda, ndiyo, maana pengo la bajeti lilikuwa la kweli na serikali za Athens ndizo zilizolichimba na kulificha. Lakini ingefunga kwa mwendo ambao mtu anaweza kuhimili.

Leo wanasema imefaulu. Ilimaliza kuilipa IMF kabla ya muda mwaka 2022, mwaka 2023 ikarudishiwa daraja la mkopaji anayeaminika, na deni limeshuka hadi karibu asilimia 154 ya pato la taifa mwaka 2024. Nafurahi kwa hilo kwa dhati. Ni sehemu ya sababu ya kuamini kwamba kubaki kulikuwa sahihi: yuro iliwalinda na mfumuko wa bei, na ikawaachia mlango wa kukopa kwa riba ndogo baadaye. Lakini uwezo wa Mgiriki wa kawaida kununua bado uko mkiani mwa Umoja wa Ulaya, jirani na wa Mbulgaria. Zaidi ya watu 400,000, wengi wao vijana wenye shahada, waliondoka katika miaka ya kwanza ya mgogoro, na madaktari waliosomeshwa na kodi za Wagiriki wakaenda kutibu Ujerumani.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilisaini itifaki ya umoja wa fedha. Lengo la kwanza la sarafu moja lilikuwa 2024. Limesogezwa hadi 2031. Vigezo vyake vinafanana na vya Ulaya: nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa, mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza kwa miezi 4.5. Ulaya nayo ilikuwa na 3 na 60, na mwaka 2004 Ugiriki ilikiri kwamba nakisi yake haikuwa imekaa chini ya 3 tangu 1999. Namba za kuingilia hazikumlinda mtu.

Tuliwahi kuwa na sarafu moja, na tukaachana nayo. Shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar tangu 1936, mpaka benki kuu tatu zilipoanza kazi mwaka 1966 na kila nchi ikatoa shilingi yake, moja kwa moja na ile ya zamani. Kulikwenda salama kwa sababu serikali zilikuwa hazijakopeshana na hazijakopa sana kwa sarafu hiyo. Sasa tunakopa. Kenya ilikabiliwa na hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, ikakopa upya Februari kwa riba inayozidi asilimia 10 ili iinunue sehemu kubwa mapema, na katika miezi hiyo shilingi yake ilishuka hadi kama 160 kwa dola kabla ya kurudi karibu 130. Kupanda na kushuka huko ndiko ambako Ugiriki ilikosa. Nchi ikijiunga na sarafu moja inaipoteza nafasi hiyo.

Sipingi sarafu moja ya Afrika Mashariki. Lakini kabla ya 2031 ningependa mawaziri wa fedha watuambie kwa maandishi: benki ya Nairobi ikishika hatifungani za serikali ya Kampala au Dodoma, na serikali hiyo ikashindwa kulipa, hasara inaanza kwa nani? Hatifungani hizo zitakuwa chini ya sheria ya nchi gani? Benki za nchi iliyozidiwa zitapewa fedha ya dharura na nani, na anayeweza kuikata ni nani? Ulaya iliyaacha maswali hayo mpaka usiku wa mgogoro, na aliyejibu ni mwenye nguvu zaidi chumbani. Kwetu bado ni mapema, na hakuna anayemdai mwenzake kiasi cha kumwamrisha.